Kizibo na Matangi Manne ya Mama Mkwe

Familia ilipokaa kuandaa wasifu huu, ilikubaliana kwanza kwamba marehemu asisifiwe kwa tabia ambazo hakuwa nazo. Hakuwa mpole. Hakuwa mvumilivu. Hakupendwa na kila mtu, na yeye mwenyewe hakumpenda kila mtu, wala hakuficha. Wengi waliokaa chini ya turubai hili leo waliwahi kupewa vidonge vyao naye, baadhi yao hadharani. Familia haiombi radhi kwa niaba yake, maana angeinuka akadai radhi hiyo irudishwe. Alichokitaka maishani kilikuwa kimoja, na kila aliyemfahamu alikijua: ile meli iliyozama nje ya bandari itolewe mafuta yake yote kabla vyuma vyake havijaachia. Kwa ajili hiyo aligombana na wakubwa wake, na majirani zake, na zaidi ya wote na shemeji yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wasifu huu ni ugomvi. Tungeuondoa, pangebaki tarehe tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa fundi bomba na mama yake alishona mashuka ya hospitali. Mama alisimulia kwamba mtoto alizaliwa amekunja ngumi zote mbili, na baba alipoitwa kumwona alisema, "Huyu hakuja kutembea. Huyu kaja kudai." Mdogo wake, wa kike pia, alizaliwa miaka mitano baadaye, naye alikuwa kinyume chake kabisa, mtoto wa kunyamaza na wa kusema "yaishe". Tangu utotoni kazi ya mdogo ilikuwa kuzunguka kwa majirani kuwaomba msamaha kwa maneno ya dada yake. Aliifanya kwa moyo wote, akawa hodari mno wa kulainisha maneno makali. Uhodari huo, kama itakavyoonekana, siku moja uliugharimu mji mzima.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akafaulu hesabu na kufeli adabu, kama mwalimu wake mkuu alivyozoea kusema. Mwaka 1973 aliingia chuo cha ufundi. Aliomba uchomeleaji, akapangiwa ushonaji, kwa kuwa wasichana wote walipangiwa ushonaji. Hakugoma. Alihudhuria kila kipindi, na katika kila kipindi aliuliza kwa nini yuko pale. Mwalimu wa ushonaji alivumilia muhula mmoja. Mwanzoni mwa muhula wa pili alimshika mkono, akavuka naye uwanja hadi karakana ya vyuma.

"Mchukue huyu," alimwambia mwalimu wa uchomeleaji. "Mimi nimeshindwa. Hata cherehani inamwogopa."

"Na mimi nitamfanya nini?"

"Mpe moto. Labda atapata saizi yake."

Alihitimu mwaka 1976 akiwa wa pili darasani. Aliyekuwa wa kwanza, marehemu hakuwahi kumsamehe.

Mwezi Februari 1977 aliajiriwa na kikosi cha kuzuia mafuta cha bandari. Kikosi hicho kilikaa katika banda la mabati mwishoni mwa gati, lenye harufu ya mafuta ya taa na mpira mbichi, na nguo za kupigia mbizi zikining'inia ukutani kama watu waliokosa la kusema. Mwanzo alichomelea vyuma juu ya nchi kavu. Mwaka 1981 alipelekwa kujifunza kupiga mbizi, akarudi, na tangu hapo akakabidhiwa meli.

Meli hiyo ilikuwa imezama wakati wa vita, kabla marehemu hajazaliwa. Ililala ubavu mmoja katika kina cha mita thelathini, na ndani yake mlikuwa na matangi manne ya mafuta mazito ya kuchomea tanuri. Wafanyakazi waliiita Mama Mkwe, kwa sababu ilikuwa haisemi, haisogei, na hakuna aliyethubutu kuipa mgongo. Kutu iliitoboa hapa na pale. Mafuta yalipenya matundu hayo, yakapanda juu tone kwa tone, yakatandaza utando mweusi uliosukumwa na mawimbi hadi ufukweni. Wenyeji wa mji wanakumbuka: ilikuwa huwezi kumpeleka mtoto kuogelea bila kubeba chupa ya mafuta ya taa ya kumsugulia nyayo.

Marehemu aliziba. Alitumia vigingi vya mbao laini inayovimba ikilowa, akavigonga kwa nyundo ndani ya tundu, akafunika kwa mpira na bamba la chuma. Wapiga mbizi wengine waliziba matundu ya juu tu, kwa kuwa mafuta huelea na hutokea juu. Yeye aliziba hadi ya chini. Aliona kwamba maji yanayoingia na kutoka chini kila mawimbi yanapopita ndiyo yanayoyasukuma mafuta juu, na hapo aliona sawasawa. Ndani ya miaka michache utando ukapotea ufukweni, na mji ukampa jina la Kizibo. Alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi.

Mwaka 1984 aliolewa na fundi viatu wa mtaa wa pili. Walikutana kwa ugomvi. Marehemu alimpelekea mpira mzito amkatie duara za kuweka chini ya mabamba, akazikataa zote kwamba zimepinda. Fundi akakata nyingine. Akazikataa. Mara ya tatu fundi aliweka kisu mezani akasema, "Dada, kama unataka kuja hapa kila siku, njoo tu. Mpira wa watu unaisha." Marehemu alikosa jibu, jambo ambalo watu waliokuwa wakisubiri viatu vyao walilishuhudia kwa macho yao. Ndoa ilifungwa tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, wakajaliwa binti na mvulana. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumnyamazisha, na mumewe naye hakulirudia kosa hilo mara kwa mara.

Mdogo wake alijiunga na kikosi mwaka 1985. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya tishari, chombo bapa cha kubebea mizigo na mashine, na kushika simu ya waya, ile inayoshuka majini pamoja na bomba la hewa. Mpiga mbizi akisema chini, yeye anasikia na kuwaambia walio juu. Walio juu wakisema, yeye anamfikishia aliye chini. Hapo ndipo alipokutana na fundi pampu wa kikosi, wakaoana mwaka 1988. Siku ya harusi marehemu alimtazama bwana harusi toka juu hadi chini, akamwuliza mdogo wake kama ana uhakika.

Ugomvi wenyewe ulianza mezani, Jumapili moja, nyumbani kwa mdogo wake.

"Shemeji, hongera," alisema fundi pampu. "Nasikia umeziba tundu lingine."

"Nimeziba matatu."

"Basi Mkuu wetu wa kikosi atalala usingizi wa pono."

"Una maana gani?"

"Nina maana mafuta hayajaenda popote. Umeyafungia chumbani, na chumba chenyewe kinaoza. Siku ukuta ukianguka, yatatoka yote kwa mpigo."

"Wewe ungefanya nini, bwana mjuzi?"

"Ningeyanyonya. Nipe tishari, pampu na bahari iliyotulia."

"Hawatoi."

"Hawatoi kwa sababu hawana haraka. Hawana haraka kwa sababu wewe unaziba. Acha ivuje mwaka mmoja uone kama hawatatoa."

Marehemu aliweka kijiko chini. "Niache ivuje? Watoto wa watu wavae lami, ili wewe upate kuwasha mashine yako?" Kisha akamgeukia mdogo wake. "Huyu mwanamume ulimwokota wapi?"

"Dada, kula," alisema mdogo wake. "Chakula kinapoa."

Wote wawili walikuwa na hoja, na hakuna aliyekubali kwamba mwenzake anayo. Mwaka 1993, katika sherehe ya kikosi, Mkuu wa wakati ule alimkabidhi marehemu saa ya ukutani, akasema mbele ya wageni kwamba maadamu Kizibo yupo, meli ile si tatizo tena. Kutoka viti vya nyuma shemeji yake alisema kwa sauti, "Kivae hicho, shemeji. Kilemba cha ukoka kimekukaa." Marehemu alishuka jukwaani na saa yake mkononi, akamwendea, akamwambia asimsemeshe tena maisha yake yote. Shemeji akajibu kwamba hilo ndilo jambo la kwanza la busara alilolisikia kwake.

Kuanzia siku hiyo hawakusemezana, ingawa walifanya kazi tishari moja na kula sikukuu meza moja. Kila neno lilipitia kwa mdogo wake, kazini kwa simu na nyumbani kwa mdomo. Wangesimama kila mmoja hatua chache tu kutoka kwa mwenzake, na bado marehemu angesema, "Mwambie bwana wako pampu yake inakohoa kuliko mzee wa kifua." Mdogo angegeuka na kusema, "Dada anauliza kama pampu iko sawa." Shemeji angesema, "Mwambie dada yako akiendelea kujivuta hivyo chini tutastaafu hapa hapa." Nayo yangefika chini yakiwa, "Anasema usiwe na haraka." Aliwapenda wote wawili, na aliamini kwamba ndiyo njia pekee ya kuwaweka chini ya paa moja.

Mwaka 2011 ufa ulitokea katika tangi la kwanza, mrefu kuliko kigingi chochote. Marehemu mwenyewe alikwenda ofisini kusema kwamba huo hauzibiki. Wakubwa walikubali, kwa mara ya kwanza, tangi linyonywe. Kazi hiyo ina utaratibu. Mpiga mbizi hufunga vali, kile kilango cha bomba, kwenye bamba la meli, tundu likatobolewa ndani ya vali hiyo ili lisivuje, bomba likaunganishwa, na pampu ya juu ikavuta mafuta. Lakini kadiri mafuta yanavyotoka, maji ya bahari yanapaswa kuingia kwa chini yashike nafasi yake. La sivyo, tangi lililoliwa na kutu litajikunja. Shemeji alilijua hilo vizuri. Ila katika meli zote alizowahi kunyonya, maji yalijiingilia yenyewe kwa matundu ya chini ambayo hakuna mtu angejisumbua kuyaziba. Ilikuwa imepita miaka kumi na minane bila kumwuliza marehemu kitu, na hakujua kwamba Mama Mkwe haikuwa na tundu hata moja lililobaki wazi chini.

Siku hiyo, tarehe 6 Oktoba, wakubwa walikuwa wamesimama juu ya tishari na kofia zao nyeupe. Marehemu alikuwa chini.

"Vali imekaa," alisema katika simu. "Sasa sikiliza, na umwambie kama nilivyosema. Mwambie huyo kichwa ngumu, mbishi asiyefundishika, asubiri nifungue vigingi vya chini kabla hajawasha hilo dubwana lake. Nimeziba kote. Akivuta sasa hivi tangi litajikunja. Na mwambie asafishe masikio."

"Anasemaje?" aliuliza shemeji. Mashine ilikuwa tayari inanguruma, na Mkuu alikuwa akitazama saa.

Mdogo wake alimtazama mumewe. Kwa miaka mingi alikuwa amejifunza kwamba sentensi ya dada yake ikianza kwa tusi na kumalizika kwa tusi, katikati huwa hakuna kitu.

"Anasema vali imekaa," alijibu. "Anasema uwe makini."

"Mimi niko makini tangu sijamwoa mdogo wake," alisema shemeji, akafungua pampu.

Marehemu alisimulia baadaye kwamba aliliona bamba likiingia ndani taratibu, kama shavu la mtu asiye na meno. Aliupiga teke ubavu wa meli akajisukuma mbali. Mshono ukaachia, na bahari yote ikawa usiku. Walimvuta juu kwa kamba akiwa mweusi toka utosini hadi kwenye kucha. Alipovuliwa kofia ya kuzamia, maneno yake ya kwanza kwa shemeji yake tangu mwaka 1993 yalikuwa haya:

"Nilikwambia usubiri!"

"Hukuniambia kitu!"

"Nilikwambia vigingi vya chini!"

"Vigingi vya chini? Mwendawazimu gani anaziba chini?"

Kisha wote wawili wakamgeukia aliyeshika simu. Mdogo wake alivua vidude vya masikioni, akaviweka juu ya sitaha, akasema, "Nimechoka kuwa kitambaa cha kufutia midomo yenu. Kuanzia leo tukananeni wenyewe." Akaenda kukaa upande wa pili wa tishari, na hakuishika simu ile tena hadi alipostaafu.

Mdogo wake ameruhusu jambo hili lisemwe leo mbele yenu. Ameruhusu kwa kuwa yaliyosemwa mtaani wakati ule yalikuwa mabaya zaidi, na hayakuwa kweli. Mtaani ilisemwa kwamba fundi pampu alitaka kumuua shemeji yake chini ya maji. Mafuta yalifunika ufuko, soko la samaki likafungwa hadi mwaka uliofuata, na watu walihitaji mtu wa kumchukia. Wapo humu waliomtemea mate chini alipopita. Hakuwajibu, na marehemu, ambaye aliwajibu watu wote kwa mambo yote, kwa hili alisema tu, "Muulizeni mwenyewe," akapita. Familia inaona kwamba hapo alikosea.

Baada ya ajali hiyo wakubwa waliamua kwamba kunyonya ni hatari, na kuziba ndiyo salama. Mkuu mpya alikuja mwenyewe nyumbani kwa marehemu, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mama yangu, wewe ni hazina. Matangi matatu yaliyobaki yako mikononi mwako. Ziba kama ulivyoziba."

"Sizibi."

"Unasemaje, mama?"

"Nimeziba miaka thelathini, na miaka thelathini nyinyi mmelala. Yule mbishi aliniambia nikamtukana, na leo sina cha kumtukania. Mkinyonya, nitashuka. Kuziba, katafuteni Kizibo mwingine."

"Yakifika ufukweni watu watakuja kwako, si kwangu."

"Waje. Nyumba naijua kuipiga deki."

Walikuja. Mwaka 2012 vigingi vya zamani vilianza kuchoka, na matone yakarudi. Usiku watu walimwaga ndoo za lami mlangoni pake, na asubuhi mumewe alipiga magoti na kisu chake cha viatu akaikwangua. Madukani hakuuziwa. Binti yake alirudishwa kutoka nyumba ya wakwe kwa miezi kadhaa, aibu iishe. Siku moja wauza samaki walifika mchana kweupe, wote wanawake, na ndoo zao. Marehemu alikuwa amekaa kizingitini.

"Kizibo, wewe unaweza kuziba," alisema mkubwa wao. "Kwa nini unatuua na njaa?"

"Nikiziba leo, mtakula mwaka huu. Mimi nina miaka hamsini na mitano. Nikifa nani ataziba?"

"Usituletee habari za kifo. Tuna watoto."

"Na watoto wenu watakuwa na watoto, na yale matangi yatakuwa bado yamejaa. Mnataka kumwaga? Mwageni. Lakini mlango wangu ni wa mbao, umeshaharibika. Mlango wa ofisi ni wa kioo, na kila mgeni anaupita."

Walimtukana kwanza, kwa muda wa kutosha, naye akawarudishia. Kisha wakabeba ndoo zao wakaenda ofisini. Walirudi huko kila wiki, mwaka mzima na zaidi. Hakuna aliyewahi kumwomba marehemu msamaha kwa ajili ya mlango wake, na yeye hakuacha kuwaonyesha wageni alama zilizobaki.

Tangi la pili lilinyonywa mwezi Machi 2014. Marehemu alishuka, shemeji akashika pampu na simu kwa pamoja, na wakasemezana moja kwa moja. Kazi hiyo ilifanyika kwa matusi mwanzo hadi mwisho. Vijana wa tishari walioyasikia wanasema hayafai kuchapwa katika ratiba ya mazishi, na familia inakubaliana nao. Lakini kila tusi lilikuja na kigingi kilichofunguliwa, na kila jibu lilikuja na vali iliyofungwa, na tangi likaisha bila utando kuonekana juu ya maji. Tangi la tatu liliisha mwaka 2018. Wakati huo marehemu alikuwa amestaafu kupiga mbizi, hivyo alikaa juu ya sitaha, akamwelekeza kila mtu na kumkosoa kila mtu.

Tangi la nne lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu mlingoti ulikuwa umeliangukia na bamba lake limebaki jembamba. Wakubwa walisema mafuta yaliyosalia ni kidogo. Walisema hivyo mwaka 2019, wakarudia kila mwaka. Marehemu alikwenda ofisini kila Jumatatu na kukaa kwenye benchi la mapokezi hadi wafanyakazi wakaanza kuingilia mlango wa nyuma. Kibali kilitoka Januari mwaka huu.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2021. Madaktari walisema mapafu yalikuwa yameharibika, na hakuna aliyeshangaa. Alilazwa mara nne, mara ya mwisho tarehe 22 Aprili 2024, katika wodi ya wanawake ya hospitali ileile ambayo mama yake aliishonea mashuka. Alilalamika kwamba mashuka ya sasa yameshonwa ovyo. Shemeji yake alifika mwanzoni mwa Mei, na binti wa marehemu, aliyekuwa akimshikia kikombe, aliyasikia mazungumzo yao yote.

"Bahari inasemaje?" aliuliza marehemu kabla ya salamu.

"Wiki ya tatu ya mwezi huu itatulia. Tishari liko tayari, na wapiga mbizi wamefika."

"Na daktari anasemaje?"

Shemeji alianza kumnyooshea shuka.

"Umeanza lini kuwa na adabu? Sema."

"Anasema wiki hiyo huenda usiifikie."

"Basi sikiliza. Kazi na maziko vikigongana, usije kunizika."

"Shemeji, huo ni upuuzi."

"Usije. Bahari ile haitatulia tena hadi mwakani, na bamba lile halifiki mwakani. Mimi nitazikwa hata usipokuwepo. Kaburi halihitaji pampu."

"Unajua watu watasema nini? Walishasema nilitaka kukuua. Sasa watasema hata maziko nimeyakwepa, nimefurahi."

"Watasema."

"Nitaahirisha. Siku moja tu."

"Ukiahirisha, hata saa moja, ujue nimekufa nikiwa nakudharau. Na ukija kusimama juu ya kaburi langu na tangi limejaa, nitakuwa sina la kukwambia."

"Una roho mbaya hata ukiwa kitandani."

"Na wewe mvivu hata ukiwa umesimama. Nenda kaangalie mabomba yako."

Shemeji aliondoka na kuubamiza mlango wa wodi, muuguzi akamfuata hadi kwenye ngazi akimgombeza. Marehemu alicheka mpaka akahitaji hewa.

Alifariki dunia tarehe 14 Mei 2024, alfajiri, mumewe na binti yake wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Tangu habari zienee, mtaani kumeulizwa kama shemeji atathubutu kuja, na wapo watakaokuwa wameshaona kwamba kiti kilicho kando ya mkewe kiko wazi. Hakuja. Wakati wasifu huu unasomwa, yuko juu ya tishari nje ya bandari, na pampu iko kwenye tangi la nne. Asubuhi ya kifo alifika nyumbani kwake akasema hatakwenda baharini, na ni mdogo wa marehemu, mkewe, aliyempa kofia yake na kumfungulia mlango. Hakukwepa. Ametumwa, na aliyemtuma ndiye tunayemzika.

Mkuu wa kikosi na maofisa aliofuatana nao wamekaa viti vya mbele, na wameomba nafasi ya kusema machache. Marehemu aliacha agizo kuhusu hilo pia: wapewe nafasi siku tangi la nne litakapoisha, si kabla. Familia inawaomba wabaki wamekaa. Kutoka uwanja huu wa maziko, wakitazama upande wa bahari, wataliona tishari.

Marehemu ameacha mgane mmoja, fundi viatu, binti mmoja na mvulana mmoja, wajukuu watatu, mdogo wake wa kike, aliye hapa, na shemeji mmoja, asiye hapa, ambaye jina lake familia imeamua liandikwe katika ratiba hii juu ya majina ya wageni wote wa heshima.

Mwenyezi Mungu amlaze pema, na ampe utulivu ambao kwetu hakuutaka.